Kaswida Redioni: Tulipe Ndipo Tusikike?

Je, kijana wa Mbinga atoe fedha ya kahawa, au wa Mbamba Bay fedha ya dagaa, ili kaswida yake ipigwe redioni? Swali hili lagusa ada za watoto wetu. Redio ina faida: humfikia mvuvi mtumbwini na mama jikoni. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mtunzi haki juu ya kazi yake itangazwapo. Kumlipa mtangazaji kwa siri ni rushwa, nayo tumekatazwa. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, Unguja ikiwa bado haina redio yake. Santuri na hadhara ndizo zilizomtangaza. Twawanasihi vijana: sajilini kazi COSOTA, someni katika Maulidi na harusi, kisha ipelekeni redioni kwa mikono safi.