Kichwa Kikubwa Bila Tumbo

Watoto wetu hupenda kuuliza kama kuna viumbe wenye akili katika sayari nyingine. Hadi leo hakuna aliyewaona. Lakini mwaka 1898 mwandishi wa Uingereza, H.G. Wells, ambaye ujanani alisomea elimu ya viumbe, alichapisha kitabu chake The War of the Worlds, na humo akawabuni wakazi wa Mirihi kiungo baada ya kiungo.

Kiumbe huyo ni kichwa kitupu chenye upana wa futi nne hivi. Ana macho makubwa meusi, mdomo mithili ya wa ndege, na minyiri 16 iliyogawanyika mafungu mawili ya minane minane, hata mvuvi angemdhania pweza. Hana tumbo wala utumbo. Hujitia mishipani damu mbichi ya viumbe wengine, binadamu wakiwamo. Halali usingizi. Hana dume wala jike: mtoto humchipukia mwilini kama mgomba utoavyo chipukizi.

Kwa ufupi, ni ubongo uliojitengenezea mashine ziwe miguu na mikono yake. Na hapo ndipo penye shabaha ya Wells: akili iliyokwisha kuachana na mwili imeachana pia na huruma. Inajua kila kitu, isipokuwa uchungu wa mwenziwe.

Wala Wells hakuficha alikuwa akiwasema akina nani. Katika sura ya kwanza anawakumbusha wasomaji wake maangamizi ambayo Wazungu waliwafanyia wenyeji wa Tasmania. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mwaka ule ule wa 1898, tarehe 19 Julai, Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua kuliko kutiwa mikononi mwa Wajerumani, ambao nao walijiona wenye akili kupita wote.

Wageni wale wa Mirihi hawakushindwa kwa mizinga. Waliuawa na bakteria, vijidudu ambavyo miili yetu imezoea kupambana navyo tangu enzi za mababu, lakini ambavyo kwao havikuwapo. Aliye juu, mngoje chini.

Basi, mzazi, mwanao akirudi kutoka shuleni na alama za juu, mpongeze kwa moyo wote. Kisha mwulize ni mwenzake yupi aliyemsaidia kuelewa somo.