Akiba ya Kumbukumbu za Simu

Mkulima hodari hali mahindi yake yote. Akishavuna huchagua yaliyo bora na kuyaning'iniza darini, juu ya moshi wa jiko. Mwaka ukiwa mbaya, au dumuzi wakimaliza ghala, mbegu ipo. Hakuna mtu anayemwita mwoga. Watu husema ana akili.

Siku hizi kuna mali nyingine ambayo wengi wetu tunaiweka mahali pamoja tu. Mali hiyo ni kumbukumbu zilizomo ndani ya simu. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuziwekea akiba.

1. Simu yako imebeba nini?

Hebu ichukue simu yako uitazame. Ukiiuza leo labda utapata fedha kidogo tu. Lakini ndani yake mna nini? Mna namba za ndugu, jamaa na wateja. Huenda mna picha ya mama yako ambaye amekwisha fariki. Huenda mna picha ya hati ya shamba, ya kadi ya kliniki ya mtoto, au ya stakabadhi ya chama cha msingi. Kama wewe ni katibu wa kikundi cha VICOBA, huenda umepiga picha kurasa za daftari la hisa na mikopo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Simu nyingine utaipata dukani. Vitu hivi havina duka.

2. Maadui wa kumbukumbu

Maadui ni wanne.

Wa kwanza ni ajali. Simu huanguka kisimani, hukanyagwa, au huungua.

Wa pili ni mwizi. Yeye anataka simu, wala hana haja na picha zako. Kwa kawaida huzifuta zote ili apate kuiuza.

Wa tatu ni matengenezo. Wakati mwingine simu ikigoma kuwaka, fundi hulazimika kuisafisha yote na kuianza upya. Simu inapona, lakini kumbukumbu zimekwenda.

Wa nne ni programu haribifu. Hizi ni programu zilizotengenezwa na watu wabaya. Nyingine huiba namba za siri. Nyingine huyafunga mafaili yako kwa fumbo, kisha hudai fidia ili yafunguliwe. Programu hizi huja kwa hila. Unaletewa ujumbe kwamba umeshinda zawadi, ubonyeze linki. Au unatumiwa programu kwa WhatsApp na kuambiwa uiingize ndani ya simu. Unajua ujumbe ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Huu ni ndugu yake. Usibonyeze linki usiyoijua, na programu zichukue katika duka rasmi la simu yako peke yake.

Hata hivyo, mtu mwangalifu naye huweza kupatwa. Ndiyo maana tunahitaji akiba.

3. Kampuni kubwa iliyookolewa na umeme kukatika

Maersk ni kampuni ya Denmark yenye meli za makontena. Meli zake hufika Dar es Salaam na Mombasa. Huenda umeona makontena yenye jina hilo yakipita barabarani.

Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu iitwayo NotPetya ilianzia Ukraine, ikasambaa hadi nchi nyingine nyingi. Ilijifanya kudai fidia, lakini kwa kweli kazi yake ilikuwa kuharibu. Iliingia katika kompyuta za Maersk. Kwa muda mfupi kompyuta zikazimika katika ofisi zake sehemu nyingi za dunia. Katika bandari kadhaa malori yalipanga foleni, kwa sababu hakuna aliyeweza kujua kontena lipi ni la nani.

Kampuni hiyo ilikuwa na mashine maalumu zinazoshika daftari la watumiaji wote wa kompyuta zake na ruhusa ya kila mmoja. Bila daftari hilo kazi isingeweza kuanza tena. Mashine hizo zilikuwa nyingi, katika nchi mbalimbali, na kila moja ilikuwa na nakala ya daftari lile lile. Watu waliona kwamba hiyo ni akiba ya kutosha. Lakini mashine zote zilikuwa zimeunganishwa pamoja, nazo zikafutwa pamoja.

Ikabaki moja tu. Ilikuwa Ghana. Kabla ya shambulio umeme ulikuwa umekatika huko, mashine ikazimika, na programu haribifu haikuweza kuifikia. Intaneti ya ofisi ile haikuwa na kasi ya kutuma daftari hilo kubwa. Basi mfanyakazi mmoja alilibeba kwa ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake, naye akalifikisha Uingereza. Kazi ya kujenga upya ikaanza. Mwenyekiti wa kampuni alieleza baadaye kwamba walisimika upya kompyuta 45,000 na mashine kuu 4,000 katika siku 10. Kampuni ilikadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300 za Marekani.

Tunajifunza nini? Kuwa na nakala nyingi hakutoshi. Mitumbwi iliyofungwa kwa kamba moja huzama pamoja. Nakala ya akiba lazima ikae mbali na ya kwanza, tena iwe imetengana nayo.

Sasa fikiri juu ya simu yako. Ukiweka picha kwenye memori kadi iliyo ndani ya simu hiyo hiyo, je, hiyo ni akiba? Simu ikiibiwa, kadi nayo imekwenda.

4. Wingu ni nini?

Kuna njia ya kuweka nakala mbali bila kupanda ndege. Simu yenye intaneti inaweza kutuma nakala ya kumbukumbu zako kwenye hifadhi ya mtandaoni. Watu huiita wingu. Usidhani zinakaa angani. Wingu ni jumba lenye kompyuta nyingi sana, ambazo haziachwi kuzimika usiku wala mchana. Simu yako ikipotea Tanga, nakala yako iko salama mahali pengine. Ukipata simu mpya, unaingia kwa akaunti yako na kuzirudisha.

Lakini wingu nalo ni mali ya binadamu, na jumba huweza kuungua. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, jumba la ghorofa tano la kampuni ya OVHcloud liliteketea katika mji wa Strasbourg, Ufaransa. Hakuna mtu aliyeumia. Lakini baadhi ya wateja walipoteza mafaili yao moja kwa moja. Hawa ni wale ambao hawakuwa na nakala mahali pengine.

Ndiyo maana wataalamu hufundisha kanuni ya tatu, mbili, moja. Maana yake ni hii: kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Kwako wewe, ya kwanza imo ndani ya simu. Ya pili iko mtandaoni. Ya tatu iko kwenye flashi au karatasi, ndani ya sanduku nyumbani.

5. Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza. Jua akaunti yako. Watu wengi walifunguliwa akaunti na muuza simu, na hawajui anwani wala neno la siri. Hiyo ni sawa na kuweka fedha benki bila kujua jina la benki. Kama hujui, tafuta mtu unayemwamini akusaidie kufungua nyingine, na neno la siri ulichague wewe mwenyewe.

Hatua ya pili. Washa kuhifadhi nakala. Katika simu nyingi za Android, fungua Mipangilio, kisha Google, kisha Hifadhi Nakala. Kwa picha, fungua programu ya picha ya Google na uwashe huko pia. Google hutoa bure nafasi ya GB 15 kwa kila akaunti. Apple hutoa GB 5. Picha moja ya kawaida ikichukua MB 3, GB 15 zinatosha picha kama 5,000. Video hula nafasi nyingi zaidi.

Hatua ya tatu. Linda bando lako. Ndani ya mipangilio hiyo unaweza kuamuru picha zitumwe wakati wa waifai tu. Kama hakuna waifai karibu, chagua vitu vichache vya lazima. Anza na namba za watu, hati na daftari la kikundi.

Hatua ya nne. WhatsApp ina akiba yake ya peke yake. Ifungue katika mipangilio ya gumzo. Ukiamua kuifunga akiba hiyo kwa neno la siri, usilisahau. Hata wenye WhatsApp hawawezi kukufungulia.

Hatua ya tano. Nakili vitu muhimu kwenye flashi, kisha ichomoe. Flashi iliyoachwa imechomekwa hupatwa na yale yale yanayoipata kompyuta.

Hatua ya sita. Jaribu kurudisha. Mbegu hujaribiwa kabla ya msimu. Fungua akaunti yako kwenye simu ya mwanao au kompyuta ya mtu unayemwamini, uone kama picha zipo. Ukimaliza, toka katika akaunti. Usiiache wazi.

6. Linda ufunguo

Sasa akiba yako ina mlango, na neno la siri ndilo ufunguo. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wala jina la mtoto. Chagua maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe. Liandike kwenye karatasi na uifungie sandukuni, mbali na simu. Neno hili lisiwe sawa na namba ya siri ya fedha zako.

Washa pia ulinzi wa hatua mbili. Hapo mtu akijaribu kuingia, simu yako inaulizwa kwanza au inaletewa namba. Namba hiyo usimtajie mtu yeyote, hata akisema anapiga simu kutoka kampuni ya simu. Tena hakikisha laini iliyoandikishwa katika akaunti bado unaitumia.

7. Akiba hii huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba hii huweza kuoza ikiachwa. Akaunti ya Google isiyotumiwa kwa miaka miwili huweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Basi iingie mara kwa mara.

Tena angalia unapofuta. Ukifuta picha ndani ya programu ya picha ya Google, inafutwa kwenye simu na mtandaoni pia. Itakaa siku 60 katika pipa la taka, kisha itapotea. Hii ni ile ile mitumbwi ya kamba moja. Nakala ya flashi ndiyo itakayokuokoa.

Na neno la mwisho: picha ya hati si hati. Inakusaidia kujua namba yake na kuonyesha ilivyokuwa, lakini hati yenyewe uitunze vizuri.

Mambo ya kukumbuka

1. Kitu kilicho na nakala moja tu kinaweza kupotea leo.
2. Nakala iwe mbali, na iwe imetengana.
3. Akaunti na neno la siri uvijue wewe mwenyewe.
4. Akiba isiyojaribiwa si ya kutegemea.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Simu yako ikipotea leo jioni, ni kitu gani utakachokililia zaidi? Nakala yake iko wapi?
2. Kwa nini mashine ya Ghana ilipona? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
3. Katika kikundi chenu, nani ana nakala ya daftari la hisa? Kama ni mtu mmoja tu, mtafanya nini kabla ya mkutano ujao?
4. Zoezi: Kila mwanafunzi aandike vitu vitano vilivyomo ndani ya simu yake ambavyo haviuzwi dukani. Kabla ya somo lijalo, aviwekee nakala vyote.