Kwa nini "usile" haitoshi: kumkinga mgonjwa wa upasuaji na nimonia ya kupaliwa

Mgonjwa anayesubiri upasuaji katika hospitali ya Bwera au ya Kagando, wilayani Kasese, huambiwa mapema kwamba asile. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ufupi wa agizo hilo una mtego. Katika lugha yetu uji hunywewa. Maziwa hunywewa, na chai ya maziwa vilevile. Mtu aliyetafuna muhindi wa kuchoma njiani ataapa kuwa hajala, kwa maana kula ni kuketi mbele ya sahani. Tumbo halina sarufi hiyo; kwake vyote hivyo ni chakula, na vinaweza kuyaharibu mapafu.

Kila mtu amewahi kupaliwa. Tone la maji hupotea njia likaingia kwenye koo la hewa, na papo hapo mwili hukohoa mpaka litoke. Kikohozi hicho ni mlinzi, na nusukaputi humlaza mlinzi pamoja na mgonjwa. Msuli unaofunga sehemu ya juu ya tumbo hulegea, vilivyomo tumboni hupanda kimyakimya hadi kooni, na kwa kuwa mgonjwa hawezi kukohoa wala kumeza, huteremkia mapafuni.

Hatari hiyo ilielezwa kwa kina mwaka 1946 na daktari wa uzazi wa New York, Curtis Mendelson. Alipopitia kumbukumbu za wajawazito 44,016 waliohudumiwa kati ya mwaka 1932 na 1945, alikuta 66 ambao vitu vya tumboni viliwaingia mapafuni wakiwa chini ya nusukaputi. Wawili walikufa kwa kuzibwa pumzi na chakula kigumu. Kisha akaonyesha kwa majaribio ya sungura kwamba hata majimaji matupu hudhuru, kwa sababu asidi ya tumbo huunguza mapafu. Mapafu yaliyoungua, au yaliyopokea vijidudu kutoka kinywani, ndipo nimonia hupata makao.

Muda gani, na wa kitu gani?

Miongozo ya kimataifa haitoi muda mmoja kwa kila kitu. Mlo mzito, tuseme ugali wa muhogo ambao Bakonzo huuita obundu, pamoja na nyama au mafuta, huhitaji muda wa saa 8 au zaidi kabla ya upasuaji. Mlo mwepesi, uji, maziwa ya ng'ombe na maziwa ya kopo ya watoto huhitaji saa 6. Maziwa ya mama, saa 4. Maji safi, chai ya rangi na kahawa isiyo na maziwa hutoka tumboni upesi, kwa hiyo kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Chai ikishatiwa maziwa, huhama kundi na kuhesabiwa pamoja na chakula.

Hapa pia Kiswahili huweza kutuchezea. "Saa sita" ni adhuhuri, ni usiku wa manane, na ni muda wa saa sita. Muuguzi akitaja saa, muulize: ni kuanzia lini, na je, maji nayo yamekatazwa? Swali hilo lina uzito zaidi kwa jamaa wa mgonjwa aliyevuka mpaka wa Mpondwe akitokea Kasindi, anayepewa maelekezo kwa Lhukonzo au Kiingereza na kuitikia kwa kichwa kwa heshima. Katika hospitali zetu jamaa ndiye mpishi na ndiye mlishaji. Asipoelewa yeye, agizo halijamfikia mtu.

Kosa la upande wa pili halisemwi sana. Mgonjwa hufungishwa tangu jioni, zamu yake ikafika alasiri, na siku nzima hajaonja hata maji. Mtoto mdogo hudhoofika haraka kwa namna hiyo. Si utovu wa adabu kumuuliza muuguzi kama maji kidogo yanaruhusiwa wakati foleni ikiendelea.

Upasuaji wa dharura

Upasuaji wa kumtoa mtoto ni miongoni mwa upasuaji unaofanywa mara nyingi zaidi nchini Uganda, na mara nyingi hausubiri. Ujauzito hulegeza ule msuli wa tumbo, na uchungu hupunguza kasi ya tumbo kujimwaga. Hivyo mwanamke aliyekula asubuhi huenda bado ana chakula hicho usiku. Jamaa wanaomteremsha kutoka milimani humpa uji ili apate nguvu, kisha huficha wakihofia kugombezwa au upasuaji kuahirishwa.

Kuficha ndiko kunakohatarisha. Dharura ya kweli haikataliwi kwa sababu ya bakuli la uji. Kinachobadilika ni mbinu. Mtaalamu wa nusukaputi anaweza kuchagua ganzi ya mgongoni, ambayo humwacha mama macho na kikohozi chake kikiwa kazini. Nusukaputi ikilazimu, atatoa dawa ya kupunguza makali ya asidi na kuharakisha kuingiza mpira wa kupumulia ili koo la hewa likingwe dhidi ya chakula. Aambiwe pia kuhusu mitishamba iliyonywewa, pombe, meno yanayocheza na meno ya bandia.

Kwa mwenye utumbo ulioziba, mpira hupitishwa puani hadi tumboni ili kutoa kilichomo. Unachukiza kuutazama, na wapo jamaa wanaouchomoa kwa huruma. Usiguswe.

Baada ya upasuaji

Hatari haiishii mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na kwa maoni yetu hapa ndipo familia ina kazi kubwa kuliko daktari. Mgonjwa anayesinzia asilishwe, hata kama mama mkwe amekuja na supu kutoka mbali. Muuguzi akisharuhusu, mgonjwa aketishwe, aanze na maji kidogo, na akikohoa au sauti ikiwa ya majimaji, asimamishwe kunyweshwa na muuguzi aitwe. Akitapika akiwa amelala, alazwe ubavu. Kichwa cha kitanda kiinuliwe. Kitanda kisipoinuka, mito na blanketi zilizokunjwa hufaa. Meno yapigwe mswaki kila siku, kuanzia kabla ya upasuaji, kwani vijidudu vingi vya nimonia hii hutoka kinywani. Avute pumzi ndefu, akohoe huku akishikilia mto juu ya kidonda, na atembezwe mapema kadiri anavyoruhusiwa.

Kupumua kwa haraka, homa, maumivu ya kifua, makohozi yenye harufu au, kwa mzee, kuchanganyikiwa kwa ghafla, kuripotiwe usiku huohuo bila kungoja daktari apite wodini asubuhi.