Hamira ya Lishe na Damu ya Mama Mja Mzito

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule vilivyo halali na vilivyo vizuri. Aghalabu sisi huuliza la halali tu, tukasahau la uzuri. Na anayedhurika kwa usahaulifu huo mara nyingi ni mama mja mzito.

Mwaka 1928 tabibu wa Kiingereza, Bibi Lucy Wills, alifika Bombay, Bara Hindi, kuchunguza upungufu wa damu uliokuwa ukiwasibu waja wazito. Aliona kwamba waliopatwa zaidi ni wanawake maskini wa Kiislamu, ambao chakula chao kilipungukiwa na mboga, matunda na vyakula vya kujenga mwili. Akawapa wagonjwa rojo lililotolewa katika hamira, nao wakapata nafuu. Habari hiyo akaitangaza mwaka 1931. Baadaye ilijulikana kwamba dawa iliyokuwamo ni vitamini iitwayo foleti, ambayo mwili huihitaji ili kutengeneza damu.

Siku hizi huuzwa hamira ya lishe, chenga za manjano zenye ladha kama ya jibini. Aghalabu huoteshwa katika molasi, kisha huuawa kwa moto na kukaushwa. Kwa hiyo haiumui unga. Ina protini na vitamini za jamii ya B. Nyunyizeni kijiko kimoja juu ya maharage, kunde au mchuzi baada ya kuepua chungu, kwa kuwa moto mwingi hupunguza foleti. Wala msile hamira mbichi ya mkate mkidhani ni ile ile, kwani hiyo ingali hai.

Someni kibandiko cha kopo. Vitamini B12 haimo katika hamira kwa asili yake. Hutiwa kiwandani, wala si katika kila kopo. Na anayechelea hamira itokayo katika viwanda vya pombe atazame asili yake, na akiwa na shaka awaulize wanazuoni.

Asiye na uwezo wa kununua kopo asihuzunike: foleti imo pia katika mchicha, kunde, maharage na machungwa. Lakini mja mzito asiache kwenda kliniki na kumeza vidonge apewavyo, kwani chakula peke yake hakitoshi.

Katika nyumba zetu nyingi mume hupakuliwa kwanza, mama akala kilichobaki. Enyi waume, tugeuze ada hiyo. Sisi walimu huwapokea watoto wakiwa na miaka mitano au sita, na afya yao imekwisha kuanza kujengwa tangu tumboni. Wabillahi tawfiq.