Ugonjwa wa Selimundu na Hospitali Zetu

Wako watu wasemao kwamba mtoto mwenye selimundu amerogwa. Si kweli, ugonjwa huu hurithiwa. Baba na mama, ingawa ni wazima, wakiwa wote wawili wamebeba asili yake, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Seli nyekundu za damu yake hujipinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa. Tena hufa upesi, hata damu ikapungua mwilini.

Dawa zipo. Penisilini humkinga mtoto mdogo na vijidudu. Haidroksiyurea hupunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mpango wa kuwatunza wagonjwa hawa mwaka 2004. Lakini mzazi wa kijijini Rungwe au Mbarali atasafirije hadi huko kila mara?

Basi yafaa huduma imfuate mgonjwa. Kwanza, watoto wachanga wapimwe damu mapema, maana asiyejulikana huweza kufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Pili, kila hospitali ya wilaya iwe na dawa hizo na siku maalumu ya kliniki. Tatu, akiba ya damu isikauke. Hapo nasi tuna kazi: kila mwenye afya akitimiza miaka 18, na aende kuchangia.

Mwanafunzi, Kidato cha IV, Iyunga