Dini na Sinema: Somo Kutoka Vyuo Vikuu

Ukitaka kuona marafiki wa chanda na pete wakinuniana, waanzishie mjadala wa dini. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, na hakuna mahali usemi huu hudhihirika kama hapo. Ndiyo maana sisi wanafunzi tumejifunza kunyamaza. Ijumaa Waislamu huenda msikitini, Jumamosi Wasabato huwa na ibada yao, Jumapili Wakristo wengine huujaza ukumbi kwa nyimbo, na Jumatatu sote hukutana gwarideni kana kwamba hakuna aliyekuwa popote. Tunalala bweni moja na kula githeri ya sufuria moja. Lakini hebu muulize jirani yako anaamini nini hasa, na kwa nini. Atakujibu, "Aa, tuachane na hayo bwana!"

Kimya hiki kina faida yake, maana huepusha ugomvi. Hata hivyo, kina hasara pia. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na asiyemjua jirani yake humwamini yeyote anayemletea habari za jirani huyo, ziwe za kweli au za uzushi.

Kwamba jambo hili si la mzaha, sote tunajua. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Wakawabagua wanafunzi kwa dini zao, na kufikia jioni watu 148 walikuwa wameuawa, wengi wao vijana waliokwenda kutafuta elimu. Swali la "Wewe ni wa dini gani?" liliulizwa chuoni kwa mtutu wa bunduki. Je, haliwezi kuulizwa kwa njia nyingine? Linaweza. Makala haya yanaeleza njia moja inayotumiwa katika vyuo vikuu vya nchi mbalimbali, nayo ni kutazama sinema pamoja na kisha kuijadili.

Njia yenyewe

Huenda ukacheka. Kwani sinema si za ngumi na mapenzi tu? La hasha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kasisi Mbelgiji wa shirika la Wadominiko, Félix Morlion, ambaye pia alianzisha chuo kikuu jijini Roma, alieneza nchini Italia mtindo wa kutazama sinema kwa awamu tatu. Kwanza, mtu mmoja huieleza sinema kwa ufupi: nani aliitengeneza, lini, na inahusu nini. Pili, watu wote huitazama hadi mwisho. Tatu, na hapa ndipo penye kazi, huwashwa taa na mjadala ukaanza. Leo mtindo huu hutumiwa na idara za masomo ya dini, makasisi wa vyuo na vyama vya wanafunzi. Isitoshe, tangu mwaka wa 1997, Chuo Kikuu cha Nebraska kilichoko Omaha, Marekani, kimekuwa kikitoa jarida la kitaaluma linaloshughulikia dini na filamu peke yake.

Siri ya njia hii ni nyepesi. Nikikuuliza kuhusu imani yako moja kwa moja, utajihisi uko kizimbani. Lakini tukimjadili mtu tuliyemwona sote kwenye skrini, kila mmoja wetu hupata nafasi ya kupumua. Tunabishana kumhusu yeye, kumbe kidogo kidogo kila mtu anajieleza mwenyewe. Hebu tuangalie mifano mitatu.

Basi la Mandera

Mfano wa kwanza ni wa hapa hapa kwetu. Mnamo Novemba 2014, abiria 28 wasio Waislamu waliteremshwa kutoka kwenye basi karibu na Mandera na kuuawa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na Al-Shabaab. Amri ikawa ile ile: Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii abiria Waislamu wakakataa kata kata. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajisitiri. Mwalimu Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, na mnamo Januari 2016 akafariki akiwa hospitalini Nairobi.

Kisa hicho kiliwagusa wanafunzi wa Hamburg Media School, Ujerumani. Wakiongozwa na Katja Benrath, walikuja Kenya wakatengeneza filamu ya dakika 22 iitwayo Watu Wote. Waigizaji wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Mhusika mkuu ni Jua, Mkristo anayepanda basi hilo akiwa na kinyongo dhidi ya Waislamu. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar ya wanafunzi mwaka wa 2017, na mwaka wa 2018 ikateuliwa kuwania Oscar yenyewe kati ya filamu fupi.

Sasa fikiria mjadala baada ya filamu hiyo. Swali linakuja lenyewe: Waislamu wale walikataa kutengana na wenzao kwa sababu dini yao iliwaamuru, au kwa sababu ya utu tu? Mwislamu anaweza kujibu kwamba kwake yeye mambo hayo mawili hayatenganishwi. Mkristo naye hana budi kujiuliza: lau basi lingekuwa la Wakristo watupu na Mwislamu mmoja, mimi ningesimama wapi? Hilo si swali la mtihani. Ni swali ambalo mtu hulala nalo.

Mtume asiyeonekana

Mfano wa pili ni filamu iitwayo The Message, yaani Ujumbe, iliyotolewa mwaka wa 1976. Mtengenezaji wake, Moustapha Akkad, alizaliwa Aleppo nchini Syria. Alitaka kusimulia mwanzo wa Uislamu, lakini Waislamu wengi hawakubali Mtume Muhammad achorwe wala kuigizwa. Alifanyaje? Katika filamu nzima Mtume haonekani na sauti yake haisikiki. Wahusika wengine wanapozungumza naye, huitazama kamera, na mtazamaji huhisi kana kwamba ameketi mahali patakatifu. Akkad aliipiga mara mbili, mara moja kwa Kiingereza na mara nyingine kwa Kiarabu, kila toleo na waigizaji wake.

Licha ya uangalifu huo, mnamo Machi 1977 watu wenye silaha waliteka majengo matatu jijini Washington, na mojawapo ya madai yao lilikuwa kwamba filamu hiyo isitishwe, eti ni kufuru. Hapo pana somo la aina mbili. Kwa upande mmoja, asiye Mwislamu hujifunza kwamba kutoonyesha kitu kunaweza kuwa heshima kubwa kuliko kukionyesha. Kwa upande mwingine, sote tunaona hatari ya kukihukumu kitu kwa fununu.

Karamu ya Babette

Mfano wa tatu una uhusiano na Kenya ingawa mandhari yake ni Denmark. Mwandishi Karen Blixen, aliyeishi karibu na vilima vya Ngong kuanzia 1914 hadi 1931 na ambaye nyumba yake sasa ni jumba la makumbusho, aliandika hadithi ya mpishi aitwaye Babette. Mwaka wa 1987 Gabriel Axel aliigeuza kuwa filamu, na mwaka uliofuata ikatuzwa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Babette ni mkimbizi kutoka Paris. Anawapikia bila mshahara dada wawili wazee, mabinti wa mchungaji aliyeanzisha kikundi cha waumini wanaojinyima anasa zote. Mchungaji alikwisha kufa, na waumini waliobaki wamezeeka na kuanza kuchokozana kwa makosa ya zamani. Siku moja Babette anashinda bahati nasibu, faranga 10,000. Badala ya kurudi kwao, anazitumia zote kuandaa karamu moja ya watu kumi na wawili. Waumini wanaogopa chakula hicho cha kifahari, wakakubaliana wale bila kukisifu hata kwa neno moja. Lakini wakiwa mezani nyoyo zao zinalainika na wanasameheana.

Hakuna mahubiri mwishoni. Mtazamaji anaachiwa swali: je, furaha ya mwili ni adui wa imani, au nayo ni njia ya neema? Katika nchi ambayo kanisa moja hucheza ngoma na jirani yake huiita dhambi, hatutakosa la kusema.

Masharti ya mjadala

Bila shaka, sinema peke yake haitoshi. Mjadala usipoongozwa vizuri hugeuka kuwa vita vya mafahali wawili. Yafaa basi kuzingatia mambo haya.

Kwanza, anzeni na "Umeona nini?" kabla ya "Unaamini nini?" Watu wakikubaliana juu ya kilichoonekana, hata ubishi wao huwa na msingi. Pili, kila mtu ajisemee mwenyewe. Aseme "mimi naona" wala si "nyinyi Wakristo" au "nyinyi Waislamu". Tatu, wenye imani inayoonyeshwa wapewe nafasi ya kwanza kueleza. Hapana haja ya mtu mwingine kumfafanulia Mwislamu Uislamu wake naye ameketi papo hapo. Nne, ukumbi usigeuzwe mahali pa kuwinda waumini. Anayetaka kuhubiri ana siku yake. Tano, asiye na dini au mwenye shaka asizomewe. Kuuliza si ujinga, na mara nyingi swali lake ndilo wengine wameliogopa.

Fauka ya hayo, tukumbuke kwamba sinema si msahafu wala Biblia. Mtengenezaji huchagua cha kuonyesha na cha kuficha, huongeza muziki ili tulie, na hupunguza miaka mingi kuwa saa mbili. Machozi ya ukumbini si imani. Kwa sababu hiyo, mwenye kiu ya kuijua dini ya jirani asikomee kwenye skrini. Amwendee jirani mwenyewe. Kazi ya sinema ni kumfungulia mlango tu.

Na sisi je?

Kuna watakaosema haya ni ya chuo kikuu, tusubiri hadi tufike huko. Tusubiri nini? Wale wa Garissa hawakuwa wamepita umri wetu kwa mbali. Kuanza hakuhitaji makuu: ukumbi, runinga moja, na mwalimu mlezi wa kuichunguza filamu kwanza kama inatufaa. Filamu ya Watu Wote huchukua dakika 22. Jumamosi moja jioni, kabla ya filamu tuliyozoea ya mateke, muungano wa Wakristo na chama cha Waislamu wanaweza kuitazama pamoja, na Chama cha Kiswahili kikatoa mwenyekiti wa mjadala. Lugha tunayo, tena ni ile ile waliyozungumza abiria wa filamu hiyo.

Abiria wa basi la Mandera hawakupewa muda wa kujadiliana. Walilazimika kuamua papo hapo jirani yao ni nani. Sisi muda tunao. Tukiutumia sasa, tukiwa tumeketi salama kwenye viti vya ukumbi, siku tutakapoulizwa swali lile tutakuwa tumekwisha kulitafutia jibu.