Msomaji wa Kiwandani: Sigara na Neno Lisomwalo huko Ybor City

Neno «sigara», ambalo asili yake ya mbali ni cigarro la Kihispania, humjulisha Mswahili wa leo kitu kilichoviringwa kwa karatasi. Makala haya yanahusu ile nene, iliyo majani matupu, na kitongoji kilichojengwa kwa ajili yake.

Mwaka 1880 Tampa, katika jimbo la Florida, Marekani, ulikuwa mji wa wakazi 720 tu. Mapema mwaka 1884 reli ya Henry Plant ikaufikia. Mwaka uliofuata Vicente Martínez Ybor, Mhispania aliyeikimbia vita ya Kuba mwaka 1869 akahamia Key West, alinunua ardhi kando ya mji huo. Tumbako ya Kuba ingeshushwa bandarini, na sigara zingepakiwa katika gari la moshi kwenda kaskazini. Tena alikuwa amechoshwa na migomo ya Key West. Lakini migomo ilimfuata. Viwanda vilianza kazi mwaka 1886, na kufikia mwaka 1900 Tampa ulikuwa na watu 15,839.

Kazi ilikuwa ya mikono. Wengi wa waliotoa mshipa wa kati wa jani walikuwa wanawake. Msokotaji alikusanya majani ya ndani, akayafunga kwa jani la pili, kisha akayavisha jani laini lisilo na kasoro, akilikata kwa chaveta, yaani kisu kipana kisicho na mpini. Mikono na macho vilishughulika, masikio yakabaki huru.

Hapo ndipo penye jambo liwapasalo wanaisimu. Kwa desturi iliyoanza Havana mwaka 1865, msomaji, aitwaye lector, aliketi jukwaani akawasomea mamia ya watu pasipo kipaza sauti: magazeti kwanza, kisha riwaya za akina Cervantes, Hugo na Zola. Wafanyakazi ndio waliomchagua na kumlipa kutoka katika ujira wao, na riwaya waliipigia kura. Hivyo asiyejua hata herufi moja aliweza kubishana juu ya Hugo. Mpaka uwekwao darasani kati ya fasihi andishi na fasihi simulizi haukuwa na maana kubwa katika chumba kile. Siasa nayo iliingia: José Martí alifika Novemba 1891 kuhutubia na kuchangisha fedha za uhuru wa Kuba.

Kwa kuwa msomaji hakulipwa na tajiri, tajiri hakuweza kumwamuru. Mwishoni mwa mwaka 1931 wenye viwanda, wakidai kwamba yasomwayo yalikuwa ya kikomunisti, waliyaondoa majukwaa. Wafanyakazi waligoma, waliporejea, msomaji hakurejea pamoja nao, na mahali pake pakawekwa redio, ambayo haichaguliwi wala haiulizwi. Mashine na sigara za karatasi zilikwisha kuipunguza kazi ya mkono, na mwaka 1962 marufuku ya Marekani ya kufanya biashara na Kuba ikaikata tumbako yenyewe. Kati ya viwanda vikubwa vya zamani, kile kilichojengwa mwaka 1910, ambacho sasa ni cha J.C. Newman, kingali kikitengeneza sigara. Huko Kuba wasomaji wangali jukwaani.